Tumenunua mitambo, sasa tuwanunulie wakutubi muda

Miongoni mwa watumishi wa umma ambao jasho lao halionekani, mkutubi yumo katika safu ya kwanza. Wengi wetu humdhania kuwa mlinzi tu wa vitabu: mtu wa kugonga mhuri wa tarehe, kuwanyamazisha watoto na kudai faini kwa aliyechelewesha kitabu. Kwa ajili ya dhana hiyo, pindi mkutubi anapoomba likizo ya miezi mitatu au sita ili aende kujifunza mitambo mipya ya dijitali, mwajiri wake hupigwa na butwaa. Mtu anayeshinda kutwa kivulini miongoni mwa vitabu, anataka likizo gani tena? Ombi hutiwa katika faili, faili hutiwa katika kabati, na kabati hutiwa kufuli.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba fikira hiyo ni potovu, na kwamba inatugharimu. Likizo ya kitaaluma ya mkutubi ni sehemu ya gharama ya mitambo yenyewe. Mwenye kununua kompyuta asigharamie muda wa mtu wa kuielewa hana tofauti na mvuvi anayenunua mashua ya injini kwa mkopo, kisha akamnyima nahodha hata siku moja ya kujifunza kuiendesha. Mashua itaoza ufuoni, na mkopo utalipwa vile vile.

Labda tatizo linaanzia katika neno lenyewe. Likizo, kwa fahamu ya wengi, ni siku za kwenda mashambani kuwaona wazee, kukarabati nyumba na kulala hadi jua lichomoze. Lakini ipo likizo ya namna nyingine, ambayo vyuo vikuu vimeijua kwa zaidi ya karne moja. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kiliianzisha kwa maprofesa wake mnamo 1880: baada ya miaka kadhaa ya kufundisha, mwalimu alipewa muda wa kuiacha kazi ya kila siku ili akatafiti, akasome, na arudi na maarifa mapya. Hakuna aliyesema kwamba maprofesa hao ni wavivu. Hapa kwetu pia mhadhiri huenda likizo ya namna hiyo bila kunyoshewa kidole, na mwalimu wa shule ya umma anayeomba likizo ya masomo ana utaratibu wa kufuata. Swali ni moja: mkutubi amekosa nini?

Anayedhani kwamba muda wa namna hiyo hauzai kitu katika ukutubi na aitazame historia. Mnamo Januari 1924 Chuo Kikuu cha Madras nchini India kilimteua S. R. Ranganathan, mwalimu wa hisabati, kuwa mkutubi wake. Kazi ilimchosha upesi. Alikuwa amezoea kufundisha vijana, na sasa alijikuta peke yake na vitabu visivyo na wasomaji. Akataka kurejea darasani. Alishauriwa kwanza aende Uingereza akaisomee kazi hiyo, kisha aamue. Alikaa huko kwa miezi kadhaa, akasoma katika University College London na kuzuru maktaba nyingi. Alibaini kwamba kila maktaba ilikuwa na desturi zake, wala hapakuwa na kanuni zilizoziunganisha zote. Siku moja, katika duka mjini London, aliona vipande vya kuchezea watoto ambavyo kwa skrubu na nati viliweza kuunganishwa na kutenganishwa, vikawa mara gari, mara winchi. Akawaza: mbona mada za vitabu zisiunganishwe vivyo hivyo? Alirudi Madras mwaka 1925. Mwaka 1931 alichapisha kanuni zake tano za ukutubi, na mwaka 1933 mfumo wake wa kuainisha vitabu. Kanuni hizo zingali zinafundishwa duniani, na ya mwisho miongoni mwazo inatukumbusha kwamba maktaba haiachi kukua. Usione vyaelea, vimeundwa. Na uundaji huu ulianza kwa mwajiri aliyekubali kumwachilia mtumishi wake aende akaone na akafikiri.

Mfano wa pili unahusu kompyuta zenyewe. Mwaka 1965 Maktaba ya Bunge la Marekani ilimwajiri Henriette Avram, mwanamke aliyekuwa mjuzi wa programu za kompyuta lakini asiye na mafunzo ya ukutubi. Alipewa kazi ya kutafuta namna ya kuigeuza kadi ya katalogi iwe kitu ambacho kompyuta inaweza kukisoma. Ilimbidi aketi na wakutubi na kujifunza kwa nini jina la mwandishi huandikwa hivi na si vile, na kwa nini nukta huwekwa hapa na si pale. Nao wakutubi iliwabidi wajifunze lugha ya mashine. Kabla ya muongo huo kwisha walikuwa wamezaa muundo uitwao MARC, ambao hadi leo ndio unaoziwezesha maktaba za nchi mbalimbali kubadilishana kumbukumbu za vitabu vyao. Hapakuwa na njia ya mkato. Watu wa taaluma mbili walipewa muda wa kuelewana, na matunda yake tunayala sisi sote.

Nasi hapa Kenya hatuanzii mwanzo. Shirika la kitaifa la huduma za maktaba liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Mwaka 1984 wakutubi kutoka pande zote za dunia walikutana Nairobi katika mkutano wa shirikisho lao la kimataifa, IFLA. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha kitivo cha taaluma za habari, ambacho kimewatoa wakutubi wengi wanaotuhudumia sasa. Na mwaka 1996, huko Garissa, wakutubi wetu walianza kuwapakia ngamia masanduku ya vitabu na kuwafuata wafugaji wanaohamahama. Ilikuwa kazi ya watu waliomtazama msomaji wao, wakaitazama nchi aliyomo, kisha wakatafuta chombo kinachomfaa. Huo ndio ukutubi wenyewe. Ngamia ni chombo, na kompyuta ni chombo. Tofauti ni kwamba mwana wa Garissa anamjua ngamia tangu utotoni, hali kompyuta hubadilika kila mwaka, na anayeisoma leo hana budi kuisoma tena kesho.

Jijini Nairobi nako kuna funzo. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilimfungia Mwafrika mlango kwa miaka mingi ya ukoloni. Kwa miaka kadhaa shirika la Book Bunk limekuwa likishirikiana na serikali ya jiji kuikarabati maktaba hiyo pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na kuziingiza hazina zake katika hifadhi ya dijitali. Mlango uliofungwa kwa kisingizio cha rangi ya ngozi umefunguliwa. Litakuwa jambo la kusikitisha tukiufunga tena kwa kutojua matumizi ya mitambo.

Maadamu mitambo imekwisha kufika. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari ziliwasili Mombasa, na intaneti iliyokuwa ikija kwa setilaiti kama matone ya bomba bovu ikaanza kumiminika. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa madarasa ya chini katika shule za msingi za umma. Maktaba nazo zilipata kompyuta, nyingine kwa fedha za umma na nyingine kwa ufadhili. Yanayofuata baada ya utepe kukatwa na picha kupigwa, kila mfanyakazi wa umma anayajua. Fundi wa mfadhili hufunza kwa siku mbili, hugawa vyeti na kuondoka. Nywila hubaki kwa mtu mmoja. Siku mtu huyo anapohamishwa, mitambo hufunikwa kitambaa kizuri ili isiingie vumbi, na wanafunzi hurudia desturi yao ya kuja maktabani kutafuta meza ya kusomea madaftari yao wenyewe.

Tujiulize basi ni maarifa gani ambayo mkutubi angeyatafuta katika likizo hiyo. Nitayataja machache.

La kwanza ni katalogi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na maktaba isiyo na katalogi ya kuaminika ni ghala. Ipo programu iitwayo Koha, iliyotengenezwa nchini New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za Horowhenua na kuanza kutumika mwanzoni mwa mwaka 2000. Jina lake ni la Kimaori, na maana yake ni zawadi. Waliyoitengeneza waliitoa bure kwa yeyote anayetaka kuitumia au kuirekebisha, na hapa nchini vyuo kadhaa vinaitumia. Hata hivyo, bure yake ina masharti. Mwenye kuichukua halipi ada ya leseni, lakini sharti awe na mtu wa kuiweka, kuitunza na kuhamishia humo kumbukumbu za zamani bila kuzivuruga. Kazi hiyo haifundishwi kwa semina ya Ijumaa na Jumamosi. Kaunti isiyo na mjuzi wake italazimika kumlipa mwanakandarasi mwaka baada ya mwaka kwa kitu ambacho kimetolewa sadaka.

La pili ni kuhifadhi urithi wetu. Msikiti wa Riyadha mjini Lamu una miswada ya kale ya dini, sheria na lugha, iliyoandikwa kwa mkono na kurithiwa kizazi kwa kizazi. Miswada hiyo ilipigwa picha za dijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, mpango ulioanza mwaka 2004. Kwa mujibu wa taratibu za mpango huo, nyaraka zenyewe hubaki kwa wenyewe, na nakala za picha huwekwa pia katika nchi zilikotoka. Ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia mitambo ya Maktaba ya Uingereza wakitaka kulipwa kikombozi. Maktaba ilikataa kulipa. Tovuti yake na huduma zake zilivurugika kwa miezi mingi, na katalogi yake kuu ilirejea katikati ya Januari 2024, tena kwa kiasi tu. Ikiwa maktaba iliyo miongoni mwa kubwa kabisa duniani ilipatwa na msiba huo, ni nani atakayetuhakikishia kwamba picha za miswada yetu ziko salama kwa kuwa tu ziko mbali?

Jawabu ni kuwa na wakutubi wetu wenyewe wanaojua kazi hiyo: jinsi ya kupiga picha ukurasa ulioliwa na mchwa bila kuuharibu zaidi, jinsi ya kuandika maelezo ya kila picha ili mtafutaji aipate, jinsi ya kuweka nakala tatu mahali patatu, na jinsi ya kuzihamisha nakala hizo kabla mtambo unaozisoma haujapitwa na wakati. Fauka ya hayo, miswada mingi ya Pwani imeandikwa kwa hati za Kiarabu, na lugha ya baadhi yake ni Kiswahili cha kale. Mashine haitaielewa pasipo mtu anayeijua hati hiyo na lugha hiyo, aliyeketi pia akaijua mashine. Mtu huyo hatapatikana London. Atatoka Lamu, Mombasa au Siyu, ikiwa atapewa nafasi ya kujifunza.

La tatu ndilo linalobisha hodi kwa nguvu zaidi, nalo ni akili unde, au akili bandia kama wengine waiitavyo. Tangu Novemba 2022, programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa umma, mwanafunzi mwenye simu anaweza kuiuliza mashine swali lolote na kupata jibu lililopangwa vizuri, lenye ufasaha na lisilo na chembe ya wasiwasi. Tatizo ni kwamba mashine hiyo hutunga. Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliowasilisha kesi za kale ambazo hazikuwahi kuwepo, wakiwa wamezipata kwa mashine hiyo. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilichapisha orodha ya vitabu 15 vya kusomwa wakati wa kiangazi, iliyotayarishwa na mwandishi wa nje ya gazeti kwa msaada wa akili unde. Vitabu 10 kati ya hivyo havikuwahi kuandikwa, ijapokuwa waandishi waliotajwa ni watu halisi wenye sifa kubwa. Kama mawakili na wahariri wa Marekani wamepotoshwa, sembuse mwanafunzi wa kidato cha tatu huko Kwale au Turkana, anayeandika insha usiku kwa mwanga wa taa ndogo?

Mwanafunzi huyo atakwenda maktabani na kuomba kitabu alichotajiwa na simu yake. Mkutubi asiye na mafunzo atapekua rafu, akikosa atasema kitabu kimeazimwa au hakijanunuliwa. Mkutubi aliyefunzwa atajua mahali pa kuhakiki: katalogi za maktaba za kitaifa, kumbukumbu za wachapishaji, nambari ya utambulisho wa kitabu. Kisha atamwambia kijana kwa upole, "Mwanangu, kitabu hiki hakipo duniani, keti nikuonyeshe ulivyodanganywa, na namna ya kupata kilicho cha kweli." Maneno hayo machache yatamfaa kijana huyo kuliko kishikwambi alichopewa. Tena hali ni mbaya zaidi kwa anayeuliza kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine za nyumbani, kwa kuwa mashine hizo zimelishwa maandishi machache mno ya lugha zetu, na penye upungufu wa maarifa ndipo zinapotunga kwa wingi.

La nne ni haki ya wasioona. Mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu vitabu vyenye hakimiliki kutengenezewa nakala za kusikilizwa au za breli kwa ajili ya watu wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, na nakala hizo kuvuka mipaka ya nchi. Mkataba umetiwa saini. Aliyebaki ni mtu wa kuutekeleza. Ni lazima awepo mkutubi anayejua jinsi ya kugeuza kitabu cha karatasi kiwe faili ambalo kompyuta inaweza kulisoma kwa sauti, na anayejua sheria inamruhusu kufika wapi. Bila mkutubi huyo, mkataba utabaki wino juu ya karatasi, na kipofu ataendelea kumsubiri mtu wa kumsomea.

Najua zipo hoja za kupinga, na Mgala muue na haki umpe. Wa kwanza atasema kwamba maktaba zetu zina mapaa yanayovuja na rafu zenye vitabu vya miaka ya sitini, kwa hiyo kuzungumzia likizo za kitaaluma ni kumvisha maskini tai kabla ya kumpa shati. Ni kweli kwamba vitabu vipya vinahitajika, na paa ni lazima lizibwe. Lakini fedha za mitambo zinatumika tayari, tuzungumze tusizungumze. Kinachopendekezwa ni kwamba sehemu ndogo ya fedha hizo hizo itengwe kwa ajili ya mtu, ili iliyobaki isipotee bure. Aidha, anayejua kutumia hazina za bure zilizoko mtandaoni anaweza kuijazia maktaba maskini maelfu ya vitabu na majarida ambayo isingeweza kamwe kuyanunua.

Wa pili atauliza ni nani atakayeshika zamu. Hili lina uzito, hasa katika matawi madogo yenye wafanyakazi wawili au watatu. Lakini mkutubi anayekwenda likizo ya uzazi hushikiwa zamu, anayeugua hushikiwa zamu, na wahitimu wa ukutubi wasio na ajira ni wengi. Kumwajiri mmoja wao kwa miezi michache kutampa kijana huyo uzoefu, na kutalifanya tawi lisifungwe.

Wa tatu ataonya kwamba mkutubi akishajua kompyuta ataajiriwa na kampuni au atahamia ng'ambo. Baadhi watahama, hatukatai. Ndiyo sababu pakawa na mikataba: mwenye kulipiwa likizo aahidi kutumikia kwa muda uliowekwa baada ya kurudi, au arejeshe gharama. Walimu na madaktari wanayajua masharti ya namna hiyo. Ikiwa hofu ya kumpoteza mjuzi ndiyo itakayotufanya tusimfunze mtu, basi tutabaki na wale wasiojua, na hao hawatahama kamwe.

Wa nne ndiye mwenye kudai kwamba semina za siku mbili zinatosha. Semina humwonyesha mtu vitufe vya kubonyeza. Haimpi nafasi ya kukosea, kuuliza, kurudia, kulinganisha mtambo huu na ule, na kurudi kazini akiwa na uamuzi wake mwenyewe. Kwa kuwa wauzaji wa mitambo hawachoki kuwaahidi magavana maajabu, kaunti inahitaji angalau mtu mmoja asiyekuwa na kitu cha kuuza, anayeweza kusema: huu unatufaa, na huu hautufai. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huchukua muda.

Yamkini msomaji atauliza likizo hizo zipangwe vipi. Kwanza, ziwe za ushindani ulio wazi. Anayeomba aandike ni tatizo gani la wasomaji wake analotaka kulitatua, na si tu mji gani anaotamani kuuzuru. Pili, zisiwe za vigogo peke yao. Mkutubi wa tawi la mashambani ndiye amjuaye msomaji, naye aghalabu ndiye wa mwisho kukumbukwa. Tatu, si lazima ziwe za ughaibuni. Mkutubi wa Voi anaweza kujifunza mengi katika maktaba ya chuo kikuu jijini Nairobi au Eldoret, katika hifadhi ya nyaraka za kitaifa, au hata ng'ambo ya mpaka, Dar es Salaam na Zanzibar, kuliko na hazina kubwa za maandishi ya Kiswahili. Nne, zigawanyike kwa awamu pale inapobidi, ili mama mwenye watoto wadogo asinyimwe kwa sababu hawezi kuondoka miezi sita mfululizo. Tano, na hili ndilo muhimu kuliko yote, anayerudi asirudi mikono mitupu. Aandike ripoti inayosomeka na kila mtu, kwa Kiswahili ikiwezekana, awafunze wenzake wa kaunti yake na ya jirani, na aanzishe huduma moja mpya ambayo wananchi wataiona kwa macho yao. Likizo isiyozaa hivyo na iitwe utalii, na ilipiwe na mtalii mwenyewe.

Ni nani basi wa kulifanya hili? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hiyo kidole hakielekei Nairobi peke yake. Kinaelekea makao makuu ya kaunti zote 47. Kila mwaka, kufikia Aprili 30, serikali ya kaunti huwa imepeleka makadirio ya bajeti katika bunge lake, na sheria inamtaka mwananchi ashirikishwe. Katika mikutano hiyo tumezoea kudai barabara, maji na zahanati, na ni haki yetu kuvidai. Tuongeze dai moja dogo. Palipoandikwa ununuzi wa kompyuta za maktaba, tuulize ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya kumfunza mkutubi, kwa miezi mingapi, na jina la tawi lake ni lipi. Diwani akijibu kwamba hakuna, tumwambie makadirio hayo hayajakamilika.

Nao wakutubi wasikae kimya wakingoja kuonewa huruma. Wamezoea kunong'ona kwa sababu ya kazi yao, lakini katika jambo hili waseme kwa sauti. Waandike maombi, waambatanishe mipango, waonyeshe hesabu ya mitambo iliyolala na gharama yake. Mwajiri anayemwona mkutubi kuwa mlinzi wa vitabu ataendelea kumwona hivyo mpaka siku atakapoonyeshwa kwamba msomaji aliyezungukwa na mashine zinazosema kweli na uongo kwa sauti moja anamhitaji mkutubi kuliko wakati mwingine wowote. Elimu ni bahari, na bahari ya sasa ina mawimbi mapya. Anayewavusha watoto wetu na apewe muda wa kuyasoma.